Wimbo mbaya wa kusudi: Smelly Cat ya Friends na kibanda chetu cha urojo

Mwandishi wa Michenzani

Assalaam alaykum wadau. Tunaandika kichekesho cha vipande sita, kila kimoja dakika 12, cha kuweka YouTube. Mahali ni kibanda cha urojo hapa Unguja. Muuzaji, Bi Tatu, kila jioni anawaimbia wateja nyimbo alizotunga mwenyewe. Ni mbaya, ila yeye haoni ubaya wake, na mteja hawezi kuondoka mpaka bakuli liishe.

Mfano tulionao ni ule wimbo wa paka anayenuka, Smelly Cat, wa kichekesho cha runinga cha Marekani, Friends. Tumejaribu kuutafsiri na umekufa mikononi. "Paka anayenuka" peke yake ni silabi saba, wakati kule ni tatu. Tukiuimba kwa gitaa tunachekwa sisi, wimbo hauchekwi. Mwenzetu mmoja anasema tumekosea kuuchagua kwa sababu ni wimbo wa kufungulia kipindi, wa Lady Gaga, na watu wanaupenda kwa jina la Gaga tu.

Tunaomba mtusaidie: kwa nini wimbo ule umedumu namna ile? Tuutafsiri vipi, au tuuache? Na ala gani zitufae, gitaa moja kama la huko au kidumbak, ngoma zetu za udongo?

Mtazamaji Mkongwe

Waalaykum salaam. Tuanze na mwenzenu, maana amechanganya mambo matatu. Wimbo wa kufungulia Friends ni I'll Be There for You wa The Rembrandts. Smelly Cat uko ndani ya hadithi: ni utunzi wa mhusika Phoebe Buffay, aliyeigizwa na Lisa Kudrow, na anauimba kwa gitaa mkahawani Central Perk. Lady Gaga aliingia mwishoni kabisa, mwaka 2021, kwenye kipindi cha kuwakutanisha tena waigizaji, akaimba pamoja na Kudrow huku kwaya nzima ikiwaitikia. Kabla ya hapo, Agosti 2015, Taylor Swift alimpandisha Kudrow jukwaani Los Angeles wakauimba pamoja. Wimbo ulikuwa unakaribia miaka 20 wakati huo, na kipindi chenyewe kilikwisha tangu Mei 2004.

Sasa kwa nini umedumu. Wengi watakwambia ni kwa sababu maneno ni ya kipuuzi. Phoebe ana nyimbo nyingi za kipuuzi, na nyingi hakuna azikumbukaye. Huu ulipewa maisha. Fuata njia yake: unasikika mara ya kwanza katika kipande cha sita cha msimu wa pili, Novemba 1995. Mkahawa umeleta mwimbaji wa kulipwa, na anayemwigiza ni Chrissie Hynde wa The Pretenders, mwimbaji wa kweli. Phoebe anasukumwa nje akaimbe barabarani. Badala ya kugombana, mwisho wake Phoebe anamfundisha yule bingwa wimbo wa paka. Angalia mpangilio: kichekesho hakimo kwenye wimbo, kimo kwa sauti nzuri kulazimika kuubeba.

Februari 1996 unarudi, na safari hii kampuni ya kurekodi muziki inautengenezea video. Sauti ya Phoebe imeondolewa, imewekwa ya mtu mwingine. Yeye kwanza anafurahi kujisikia vizuri namna ile, halafu anatambua si yeye, na huruma yake yote inakwenda kwa yule mwanamke mwenye sauti asiyepewa video. Februari 1997 unarudi tena: mshirika wake wa zamani wa muziki anauuza uwe tangazo la mchanga wa choo cha paka. Tayari mna hadithi ya msanii nzima: kufukuzwa, kuibiwa sauti, kuuzwa. Wimbo ni ule ule. Kinachobadilika kila mara ni jambo moja tu linaloupata.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: katika vipande sita, Bi Tatu asiwe na nyimbo sita. Awe na mmoja wa kudumu, usikike katika vipande vitatu au vinne, na kila urudipo upatwe na jambo jipya. Nyimbo nyingine ziwe mistari miwili ya kupita njia.

La pili ni sura. Phoebe hacheki akiimba, wala hakonyezi kamera. Anamwonea yule paka huruma ya kweli. Na rafiki zake hawamwambii kuwa ni mbaya, wanavumilia. Kicheko kinatoka kwenye nyuso za wasikilizaji. Mkichukua picha, msimwelekee Bi Tatu muda wote. Mstari wa kwanza mwonyesheni yeye, wa pili mteja aliyeshika kijiko hewani, wa tatu rudini kwake. Mkionyesha watu wanaoangua kicheko ndani ya hadithi, mtazamaji nyumbani hana kazi tena.

La gitaa: Kudrow si mpiga gitaa, na waandishi waliugeuza upungufu huo kichekesho. Katika kipande kimoja cha Januari 1999 Phoebe anamfundisha Joey kodi za gitaa (mikao ya vidole kwenye nyuzi, si kodi za nyumba) bila ya kumruhusu aguse gitaa, na kila kodi ameibatiza kwa umbo la mkono: kucha za dubu, paja la bata mzinga, bibi kizee. Bi Tatu naye ajifunze ala kwa majina ya jikoni. Mkono wa kusonga ugali, mkono wa kukuna nazi, mkono wa kukamua ndimu. Hilo halihitaji tafsiri.

Fundi wa Vina, Wete

Nakubaliana na Mkongwe, ila ndugu zangu mmetaka kumhamisha paka na huku kwetu hahamishiki. Zipo sababu mbili.

Ya kwanza ni sauti ya lugha. Maneno mafupi ya Kiingereza huweka kishindo pale mtunzi anapotaka. Kiswahili kishindo chake kimekaa silabi ya pili kutoka mwisho, hakiombwi ruhusa. Ukifuata ule muziki na maneno ya Kiswahili, kishindo cha ala kitaangukia "a" ya mwisho, na msikilizaji atasikia mtu anayejifunza kusoma. Ndiyo maana mnachekwa nyinyi.

Ya pili ni kubwa zaidi. Paka wa Phoebe ni paka. Huku kwetu hakuna paka aliyewahi kuimbwa akabaki paka. Bi Tatu akisimama tu akamtaja paka anayenuka, bakuli zote zitashuka na kila mteja ataanza kuhesabu: nani huyo anayesemwa? Masikio yamelelewa na taarab na mafumbo yake. Mkilipuuza hilo, wimbo utapotea mikononi mwenu. Mkilitumia, mna kichekesho ambacho Friends hawakuweza kuwa nacho: Bi Tatu anaimba kitu kwa moyo mweupe, na mtaa mzima unapigana kujua ni fumbo la nani.

Na lugha imekuwekeeni zawadi mezani. Kunuka na kunukia. Irabu moja tu inatenganisha jaa na chetezo cha udi. Sasa tafuteni kitu ambacho kwa huyu kinanuka na kwa yule kinanukia. Sina haja ya kukitaja, Unguja na Pemba sote tunakijua: doriani.

Tungeni kwa kipimo cha kawaida cha nyimbo zetu: beti za mishororo mitatu, kila mshororo mizani 16, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Huu ni mfano, uchukueni ama mtunge wenu:

Doriani la shambani, kwangu miye wanukia
Wakutoa mlangoni, pua wakijizibia
Twapanda daladalani, abiria wakimbia

Hesabu: do-ri-a-ni-la-sha-mba-ni, nane. Kwa-ngu-mi-ye-wa-nu-ki-a, nane. Kina cha kati "ni", cha mwisho "ia", kinashika mpaka chini. "Mba" ni silabi moja, lakini "m" ya "mlangoni" ni silabi peke yake. Hapo ndipo wanaoanza hukosea, wanapata saba wakadhani nane.

Kichekesho kiko kwenye kiitikio. Bi Tatu anaimba "wanukia". Waitikiaji, ambao ni wateja walioshikishwa kazi hiyo kwa ahadi ya badia za bure, wanaitikia "wanuka". Wa-nu-ki-a ni nne, wa-nu-ka ni tatu. Silabi moja imekosekana, kwa hiyo pana shimo kwenye mdundo. Msilizibe kwa maneno. Mpeni mpiga kidumbak aligonge pigo moja kavu. Kicheko cha mtazamaji kitaanguka hapo hapo, kwenye pigo, na ubeti unaofuata hautaingiliwa.

Msiirudie "wanuka" mara nyingi. Ubeti wa kwanza waitikie vizuri, "wanukia" kama alivyofundisha. Wa pili mmoja ateleze. Wa tatu wateleze wote. Mkianza na wote mmemaliza akiba.

Mwandishi wa Michenzani

Mwalimu Fundi, ahsante sana, lakini sasa tatizo limegeuka. Ubeti huo ni mzuri mno! Bi Tatu anatakiwa awe mtunzi mbaya. Tukiuharibu wote si utakuwa kelele?

Fundi wa Vina, Wete

Umeuliza penyewe. Wimbo mbaya wa jukwaani hutungwa vizuri kwanza, halafu ukavunjwa mahali pamoja. Ukivunja mizani, vina na sauti kwa pamoja, msikilizaji hajui acheke nini. Sikio la Mswahili linasubiri kina kama mtu anayesubiri ngazi ya mwisho gizani. Iondoe hiyo ngazi moja tu.

Chagueni ugonjwa mmoja wa Bi Tatu, awe nao vipande vyote sita. Mimi ningempa ugonjwa wa kutotaka kuacha mtu nje ya wimbo. Mishororo miwili inakwenda sawa, wa tatu anajaza:

Twapanda daladalani, abiria wote na konda na dereva wakimbia

Upande wa pili umekuwa mizani 17 badala ya nane. Kina kimefika salama, "ia", lakini kimechelewa, na wapigaji wote wanangoja na mikono juu. Yeye anafika, anatabasamu, anaendelea. Hapo anaonekana mtu mwenye huruma kwa dereva, si mtu asiyejua kuimba, na huyo ndiye mhusika mnayemtaka.

Ubaya msiuweke kwenye sauti, yaani msimfanye aimbe kwa kukwaruza. Dakika ya tatu mtazamaji atachoka na kushusha sauti ya simu.

Mpiga Sanduku

Nyinyi mmemaliza maneno, mimi nina ala. Gitaa liacheni, kwa kibanda cha urojo ni ugeni usio na sababu. Kidumbak ndicho mahali pake: ni mdogo wake taarab, wengine hukiita kitaarabu, kinakwenda mbio zaidi, na tangu asili ni muziki wa kuchezwa na kutaniana. Mnahitaji vidumbak viwili, sanduku (besi ya uzi mmoja), mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na cherewa (za kutikisa). Fidla mkipata mpigaji ni bora, asipopatikana msitafute kinanda cha umeme kujaza pengo, kitawapeleka moja kwa moja kwenye rusha roho, ile taarab ya kisasa.

Sanduku mnaweza kulitengeneza wenyewe. La asili ni sanduku la majani ya chai. Siku hizi chukueni plaiwudi ya milimita 4 kwa uso wa juu, mbavu ziwe nene zaidi, na vipimo viwe kama sentimita 50 kwa 40 kwa 40. Chini pawe wazi. Toboeni tundu katikati ya uso, pitisheni uzi wa nailoni mnene, na kwa ndani ufungeni kwenye kipande cha ngozi ngumu au bati la mviringo kabla ya kupiga fundo. Fundo tupu litachana plaiwudi siku hiyo hiyo. Ncha ya juu ya uzi inafungwa kwenye fimbo ya kama mita moja na robo, na mguu wa fimbo unakaa ukingoni mwa sanduku. Ukivuta fimbo nyuma, uzi unakaza na sauti inapanda, ukilegeza, inashuka.

Makosa yaliyozoeleka: sanduku kulazwa sakafuni bapa. Sauti inabaki ndani. Inueni upande mmoja kwa kipande cha ubao cha sentimita 5, na mpigaji aweke mguu juu ya sanduku lisitembee. Kosa jingine ni kukata mfereji mfupi mno kwenye mguu wa fimbo, pale unapokaa ukingoni. Katikati ya wimbo fimbo inaruka na inaweza kumpiga mtu usoni. Kateni mfereji wa sentimita moja hivi.

Vidumbak ni ngozi juu ya udongo, na ngozi hunywa unyevu. Mkirekodi masika, baada ya nusu saa sauti itakuwa ya kupiga mto. Wekeni jiko la makaa pembeni, pasha ngozi kwa mbali huku mkiizungusha, mpaka ukigonga isikike kali. Msiikaribishe sana motoni, itapasuka. Na kwa kuwa mna kibanda cha urojo, jiko mnalo tayari ndani ya picha. Mpigaji anapasha ngoma kwenye jiko la muuzaji, muuzaji anamfukuza arudishe sufuria. Hicho ni kichekesho cha bure.

Kurekodi: maiki ya sanduku iwekwe chini, karibu na ule upande ulioinuliwa, isielekezwe uso wa juu. Ikiwekwa juu mtapata mlio wa uzi ukikwaruza bila besi. Bi Tatu apewe maiki ndogo ya kubana nguoni, lakini iwe mbali na buibui au mtandio unaopepea, maana ukigusa tu utasikia upepo wa kaskazi. Kama maiki ni moja tu, rekodini wimbo kwanza mahali tulivu, siku ya picha mpigie sauti ile wachezaji waifuate. Tahadhari: lile shimo la "wanuka" na lile pigo kavu lazima viwemo kwenye rekodi ya awali. Hamtaviweka baadaye vikakaa sawa.

Mshauri wa Haki

Nimefurahi kuona mmeachana na tafsiri, maana kisheria ilikuwa shimo. Kutafsiri wimbo wa mtu ni kutumia kazi yake, na kunahitaji ruhusa hata kama maneno yote ni mapya ya Kiswahili. Kubakisha muziki wake na kubadili maneno ni vivyo hivyo. Msitegemee kusema "ni utani tu". Na YouTube ina mfumo unaoweza kutambua hata muziki ulioimbwa upya. Mwenye haki akidai, fedha za matangazo zinaweza kwenda kwake au video ikazuiwa.

Kudhani kwamba wimbo wa kitoto hauna mwenyewe nako ni hatari. Mfano uko kwenye kichekesho kingine cha Marekani, The Big Bang Theory, ambacho kina wimbo wa paka laini, Soft Kitty. Warithi wa Edith Newlin, mwalimu aliyeandika maneno yanayofanana na hayo miaka ya 1930, walifungua kesi Desemba 2015. Mwaka 2017 mahakama ya New York iliitupa, kwa sababu hawakuthibitisha kuwa haki ya maneno yale ilihuishwa ipasavyo chini ya sheria ya zamani. Watengenezaji walishinda, lakini angalia ni miaka mingapi baada ya maneno kuandikwa, na walishinda kwa jambo la makaratasi.

Kwa hiyo nanyi: andikeni karatasi moja inayotaja nani katunga maneno, nani katunga muziki, nani kapiga nini, na kila mmoja atapata fungu gani. Wote watie saini kabla ya siku ya picha, si baada ya video kupata watazamaji. Halafu isajilini kazi COSOZA, ambayo ndiyo inayoshughulikia hakimiliki Zanzibar chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2003. COSOTA ni ya Bara, hakimiliki si jambo la Muungano. Kichekesho chenyewe pitisheni BASSFU, baraza la sanaa na sensa ya filamu Zanzibar, kabla ya kukionyesha hadharani.

Jambo dogo kwa Fundi: ubeti ulioutoa hapa ni wako. Ukisema "uchukueni", sema wazi kama unawapa bure au unataka kutajwa.

Fundi wa Vina, Wete

Bure, ila nitajwe. Na wakibadili kina cha kati nisitajwe!

Mtazamaji Mkongwe

Nirudi kwenye lile la fumbo, maana ndipo hadithi yenu ilipo. Pangeni hivi. Kipande cha kwanza, Bi Tatu anaimba doriani na hakuna ajali. Cha tatu, jirani mmoja anaamini doriani ni yeye: nje miba, ndani mtamu, na watu wanamkimbia. Anakasirika au anafurahi? Waandishi wavivu watamkasirisha. Mfurahisheni. Aje kumtunza Bi Tatu kwa noti kila anapofika "kwangu miye wanukia", huku akimtazama hasimu wake. Hasimu naye, kwa kuwa mwenzake katunza, anaona doriani ni yeye. Wanagombea kuwa doriani. Bi Tatu anashangaa tu, kwa nini leo urojo unauzwa sana.

Cha tano, bendi ya harusi inauchukua wimbo, inauimba kwa sauti nzuri na mizani iliyonyooka, na hauchekeshi tena hata kidogo. Wageni wanaulizana kwa nini yule mama wa urojo anasifiwa kwa wimbo huo. Hapo mtakuwa mmefanya kwa njia yenu kile walichofanya na Chrissie Hynde, bila ya kukopa neno wala sauti yao.

Mwandishi wa Michenzani

Wallahi mmetufungua macho. Swali dogo la mwisho: doriani lenyewe tukilikosa siku ya picha, tukiweka fenesi dogo kwa mbali si litapita?

Mpiga Sanduku

Halitapita. Fenesi lina vipele, doriani lina miba, na hakuna mtazamaji wa hapa atakayedanganyika. Tafuteni ganda kavu la doriani mapema, lihifadhini, siku ya picha mligeuze upande uliopasuliwa uelekee ukutani. Kwa kuwa halina harufu tena, waigizaji waambieni wazibe pua kabla halijaonekana, si baada.